Sauti Zao, Jina la Mwingine

Novemba 1962 wimbo uitwao "He's a Rebel" ulipanda hadi namba moja kwenye chati ya Billboard nchini Marekani. Kwenye sahani liliandikwa jina la The Crystals, kundi la wasichana weusi kutoka Brooklyn, New York. Wasichana hao hawakuimba hata neno moja ndani yake. Prodyuza wao, Phil Spector, alikuwa na haraka: alijua kwamba mwimbaji mwingine anajiandaa kuutoa wimbo huohuo, naye alitaka kumtangulia. Kwa kuwa Crystals walikuwa mbali, aliingia studio ya Gold Star mjini Los Angeles na kundi jingine, The Blossoms, akiongoza Darlene Wright, binti wa mchungaji ambaye baadaye dunia ilimjua kama Darlene Love. Blossoms walilipwa ujira wa kazi ya studio, wakaenda zao. Crystals waliusikia wimbo "wao" redioni kama wasikilizaji wengine, kisha ikawabidi wajifunze kuuimba, kwa sababu watu waliokata tiketi waliudai kila walikokwenda. Wala halikuwa tukio la pekee. Mwaka huohuo "I Sold My Heart to the Junkman" uliingia kwenye chati kwa jina la The Blue-Belles wa Philadelphia, kundi la Patti LaBelle, ilhali waliourekodi walikuwa The Starlets, wasichana wa Chicago waliokuwa wamepita tu mjini humo.

Visa vya namna hii vimewafanya waandishi wengi wa historia ya muziki waamue kwamba makundi ya wasichana ya wakati ule yalikuwa bidhaa. Ukimtoa mmoja na kumweka mwingine, wimbo hautetereki. Ndiyo maana sura zinazohusu miaka hiyo hupewa majina ya wanaume waliokaa nyuma ya kioo cha studio: Spector, Berry Gordy wa Motown, Luther Dixon wa Scepter, George Morton aliyewatengeneza The Shangri-Las. Naona visa hivyohivyo vinathibitisha kinyume chake. Spector hakumwokota msichana yeyote barabarani. Alikwenda kwa waimbaji wa studio waliokuwa miongoni mwa bora kabisa Los Angeles, kwa sababu alihitaji sauti yenye nguvu za kanisani kuubeba wimbo ule. Na Crystals walipolazimika kuuimba jukwaani, kiongozi wao wa awali, Barbara Alston, hakuweza kuufanya usikike kama kwenye sahani. Ilibidi kazi hiyo apewe mdogo wao, La La Brooks, aliyekuwa na kifua cha kufanana na cha Darlene, naye ndiye aliyekuja kuongoza "Da Doo Ron Ron" na "Then He Kissed Me" mwaka 1963. Kilichohamishika kirahisi kilikuwa jina. Sauti haikuhamishika, ilibidi itafutwe. Jina lilihamishika kwa kuwa lilikuwa mkononi mwa mwenye kampuni, na hapo ndipo hadithi nzima ya wanawake hawa ilipo.

Tutazame kwanza walivyofika. Mwaka 1957 wasichana watano wa Harlem, The Bobbettes, wengine wao hawajatimiza hata miaka 15, walipeleka kampuni ya Atlantic wimbo walioutunga wenyewe kuhusu mwalimu wao, "Mr. Lee". Awali ulikuwa wa kumsema vibaya. Wakubwa wakataka ulainishwe, ukalainishwa, ukaingia katika kumi bora za Marekani. Mwaka uliofuata wanafunzi wanne wa sekondari ya Passaic, New Jersey, walioitwa The Shirelles, walitoa "I Met Him on a Sunday", wimbo walioutunga wote wanne kwa ajili ya mashindano ya vipaji ya shule yao. Mwaka 1961 Georgia Dobbins, mmoja wa wasichana wa Inkster, Michigan, alichukua wimbo wa blues wa rafiki yake, akabaki na kichwa cha wimbo tu, akaandika upya maneno na tuni. Huo ukawa "Please Mr. Postman" wa The Marvelettes, wimbo wa kwanza wa kampuni ya Motown kufika namba moja kwenye chati kuu ya Billboard. Majina ya watunzi yaliyosajiliwa ni matano, na la Dobbins ndilo pekee la mwanamke. Yeye mwenyewe alikuwa ameshatoka kwenye kundi kabla ya kurekodi. Wengine walikuwa na elimu ya sauti. The Chantels wa Bronx, walioimba "Maybe" chini ya uongozi wa Arlene Smith, walijifunza kupanga sauti katika kwaya ya shule ya Kikatoliki, wakiimba nyimbo za ibada za Kilatini. Kwa hiyo mlango wa muziki huu ulifunguliwa na wasichana waliokuja na tungo mkononi na sauti zilizokwisha kunolewa. Walipokutana na maprodyuza, tayari walikuwa na ustadi wao.

Baada ya mafanikio hayo ya mwanzo kazi ziligawanywa. Watunzi walikaa ofisini Broadway, New York, au katika nyumba ya Motown, Detroit. Waimbaji waliitwa tungo zikishakamilika. Ni kweli kwamba baadhi ya watunzi bora wa ofisi hizo walikuwa wanawake: Carole King, Ellie Greenwich, Cynthia Weil. Nawaheshimu sana, na "Will You Love Me Tomorrow" ya King na mumewe Gerry Goffin ni utunzi wa hali ya juu. Shirelles ndio walioupeleka namba moja Januari 1961, wakawa kundi la kwanza la wanawake weusi kufika hapo kwenye chati hiyo. Lakini mgawanyo huo ulikuwa na matokeo ya fedha ambayo mashabiki wachache huyafikiria. Kwa sheria ya Marekani, redio ya kawaida ikicheza wimbo humlipa mtunzi na mchapishaji wake. Aliyeimba halipwi kitu. Ilikuwa hivyo mwaka 1961 na ni hivyo hadi leo. Mpangilio wa sauti za waitikiaji, hata ukiwa ndio unaowafanya watu waukumbuke wimbo, hauhesabiwi kuwa utunzi. Msichana aliyetoka kwenye kutunga akaingia kwenye kuimba tu alikuwa amesogezwa mbali na fedha inayodumu, akabakiziwa mrabaha wa mauzo, ambao hesabu zake zilishikwa na kampuni.

Hesabu hizo ndizo zilizowaumiza Shirelles. Waliambiwa fedha zao zimewekwa amana hadi watakapofikisha miaka 21. Walipofika umri huo hawakuikuta amana yoyote, wakaingia katika kesi na kampuni yao ya Scepter zilizowagharimu miaka yao mizuri. Katika kipindi hichohicho, mwaka 1963, The Beatles walitoa albamu yao ya kwanza nchini Uingereza, na ndani yake mlikuwa na nyimbo mbili za Shirelles, "Boys" na "Baby It's You". Vijana wale wa Liverpool hawakuchukua tungo peke yake. Walichukua hata jinsi sauti zinavyopangwa, namna kiongozi anavyotangulia na wenzake wanavyomdaka, jambo walilojifunza kwa kuzisikiliza sahani za wasichana hawa mara kwa mara, baadaye walifanya vivyo hivyo na "Please Mr. Postman". Watunzi walilipwa mirabaha ya nyimbo hizo, kama ilivyostahili. Shirelles, ambao uimbaji wao ndio uliokuwa somo, hawakuwa na fungu.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni "Respect". Otis Redding aliutunga na kuuimba mwaka 1965 kama ombi la mume anayerudi nyumbani. Miaka miwili baadaye Aretha Franklin aliurekodi pamoja na dada na mdogo wake, Erma na Carolyn, na majibizano ya sauti zao tatu yakaugeuza kuwa dai la mwanamke. Mtu akiulizwa leo anachokumbuka katika wimbo huo, atataja kitu ambacho ndugu hao watatu walikiongeza. Kisheria ulibaki utunzi wa Redding mtupu, na kila redio ilipoucheza haki ilikwenda kwake, kisha kwa warithi wake. Sisemi Redding alifanya kosa. Alikuwa mtunzi halali. Ninachosema ni kwamba kipimo cha nani kaumba nini kiliwekwa mahali ambapo kazi ya waitikiaji haiwezi kuonekana, halafu historia ikaandikwa kwa kufuata kipimo hichohicho.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Studio za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa na nafasi chache mno za kurekodi sauti mbalimbali kwenye utepe mmoja, kwa hiyo mizani ya sauti ilipaswa kupatikana pale pale mbele ya maikrofoni: mmoja arudi nyuma kidogo, mwingine apunguze pumzi, wa tatu asogee, na maneno yakatwe kwa wakati mmoja. Yeyote aliyewahi kuimba sauti ya pili katika kwaya anajua ugumu wa kusikika bila kujitokeza. Huko Motown kazi hii ilifanywa zaidi na wanawake watatu waitwao The Andantes: Jackie Hicks, Marlene Barrow na Louvain Demps. Waliimba nyuma ya karibu kila msanii mkubwa wa kampuni hiyo. Sauti za juu zinazoelea juu ya wanaume wa The Four Tops ni zao. Majina yao hayakuandikwa kwenye sahani hizo. New York na Memphis walikuwapo The Sweet Inspirations, chini ya Cissy Houston, waliomwitikia Aretha, Van Morrison katika "Brown Eyed Girl", na baadaye baadhi yao wakazunguka na Elvis Presley. Hao angalau walibahatika kutoa sahani kwa jina lao wenyewe kuanzia mwaka 1967.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu linatoka kwa The Supremes, na si la kupuuzwa. Walisajiliwa Motown Januari 1961, wakatoa nyimbo kadhaa ambazo hazikufika mbali. Kiini chao kilikuwa kilekile, Florence Ballard, Mary Wilson na Diana Ross, mabinti wa nyumba za umma za Brewster huko Detroit. Kisha wakapewa tungo za Brian Holland, Lamont Dozier na Eddie Holland, na kuanzia mwaka 1964 wakapata namba moja tano mfululizo. Je, hilo halionyeshi kwamba watunzi na maprodyuza ndio waliokuwa na siri? Linaonyesha kwamba sauti nzuri bila wimbo mzuri haiendi mbali, na hakuna anayelikataa hilo. Lakini tuangalie jinsi namba moja ya kwanza ilivyopatikana. "Where Did Our Love Go" ulikuwa umeandaliwa kwa ajili ya Marvelettes, na ala zilikuwa zimesharekodiwa katika ufunguo uliomfaa Gladys Horton mwenye sauti nzito. Marvelettes wakaukataa. Ulipohamia kwa Supremes, Diana Ross alilazimika kuimba chini kuliko alivyozoea, na ndani ya kina hicho ikatokea ile sauti laini, ya karibu, kama mtu anayesema na wewe peke yako, ambayo hakuwa amewahi kuitoa kwenye sahani. Watunzi hawakuipanga. Ilitokana na koo la mtu fulani kukutana na ufunguo wa mtu mwingine. Angeimba Horton tungekuwa na wimbo mwingine kabisa, pengine mzuri, lakini mwingine. Huwezi kukiita kitu cha kubadilishika kile ambacho kikibadilishwa matokeo yote yanabadilika.

Wapo watakaosema biashara ya muziki iliwanyonya wote, wanaume kwa wanawake. Ni kweli, na mfano wake mchungu zaidi ni wa wanaume: mwaka 1958 George Treadwell, aliyemiliki jina la The Drifters, aliwafukuza waimbaji wote akachukua kundi jingine zima, The Five Crowns lenye Ben E. King, akalibandika jina lile. Tofauti ninayoiona kwa wanawake iko katika umri, na katika kilichofuata. Wengi wao walikuwa wanafunzi ambao mikataba yao ilihitaji saini za wazazi wasio na mwanasheria. Wachache walipiga ala, kwa hiyo hawakuwa na njia ya pili ya kujipatia riziki studio. Na walipomaliza kuimba, waandishi waliowatukuza Drifters kama mabingwa wa soul licha ya kubadilishwa kwao kote waliwaita wasichana vibaraka kwa sababu ileile. Darlene Love alifika mahali pa kusafisha nyumba za watu mjini Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilhali wimbo wake wa Krismasi wa mwaka 1963 ukiendelea kuchezwa redioni kila Desemba. Alirudi kwenye muziki, akamshtaki Spector na kushinda, na mwaka 2011 akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa muziki wa rock. Lakini aliingia akiwa karibu na umri wa miaka 70.

Kuna wanaosema pia kwamba nyimbo zenyewe hazistahili utetezi wote huu, kwamba ni za wasichana kumngoja mvulana kando ya simu. Nyingi ni hivyo. Hata hivyo "Will You Love Me Tomorrow" ni msichana anayeuliza swali zito kuhusu kesho ya mwili wake, akiuliza kabla ya tendo na si baada, jambo ambalo redio za wakati huo hazikulizoea. Na pale ambapo nyimbo zilikuwa mbaya kweli, tujiulize nani alikuwa na uwezo wa kuzikataa. Mwaka 1962 Spector aliwapa Crystals wimbo kuhusu msichana anayelichukulia pigo la mpenzi wake kama ishara ya mapenzi. Hawakuupenda, na baadaye walisema hivyo waziwazi. Waliuimba. Malalamiko ya wasikilizaji yalipozidi, ukaondolewa redioni, lakini jina lililobaki na doa lilikuwa la wasichana. Marvelettes waliweza kukataa "Where Did Our Love Go" kwa kuwa wakati huo walikuwa na uzito ndani ya Motown. Mwimbaji asiyemiliki hata jina analoitwa jukwaani hana uzito huo.

Jina hilo ndilo lililomwangamiza Florence Ballard. Yeye ndiye aliyelichagua, "The Supremes", kutoka kwenye orodha aliyopewa na kampuni. Mwaka 1967 aliondolewa, nafasi yake akapewa Cindy Birdsong aliyetolewa kwa Patti LaBelle, na kundi likabadilishwa jina kuwa Diana Ross na The Supremes. Makubaliano ya kuondoka yalimkataza kujitangaza kama mwanakundi wa zamani wa Supremes. Alikwenda kampuni nyingine akiwa na sauti yake kubwa ya kanisani, lakini bila ruhusa ya kuwaambia watu yeye ni nani. Aliishia kutegemea msaada wa serikali, akafariki Februari 1976 akiwa na miaka 32. Huko nyuma, kampuni ilikuwa imekwisha kuzoea kutumia jina bila watu wake: katika "Love Child" wa 1968 waitikiaji ni Andantes, na katika "Someday We'll Be Together" wa 1969, uliotangazwa kama wimbo wa kuagana wa kundi, Mary Wilson na Birdsong hawamo.

Gladys Horton alikutwa na hali kama hiyo alipotaka kurudi jukwaani miaka ya baadaye. Haki ya jina la Marvelettes ilikuwa imemwangukia promota aliyezungusha makundi ya wanawake vijana ambao hata hawakuwa wamezaliwa "Please Mr. Postman" ulipotoka. Aliyeuimba hakuweza kulitumia jina lake kwa uhuru. Mary Wilson na wanamuziki wengine waliyafikisha malalamiko haya kwa mabunge ya majimbo, na kuanzia miaka ya 2000 majimbo mengi ya Marekani yamepitisha sheria inayodai kundi linalojitangaza kwa jina la zamani liwe na angalau mtu mmoja aliyerekodi nalo. Ni sheria njema. Lakini inawalinda waliokuwa na jina tangu mwanzo. Kwa Andantes, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye sahani za wengine, haina la kusema.

Mahakama nazo zilionyesha mipaka yake. The Ronettes, yaani Ronnie Bennett, dada yake Estelle na binamu yao Nedra Talley, walisaini na Spector mwaka 1963, wakatoa "Be My Baby", wakapokea malipo ya awali yasiyofika dola 15,000 kwa wote watatu, na baada ya hapo hawakupata mrabaha wowote. Kesi yao ilidumu zaidi ya muongo mmoja. Mwaka 2002 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York iliamua kwamba wana haki ya mrabaha wa mauzo, lakini kwa kuwa mkataba ulimpa Spector umiliki wote bila masharti, aliweza kuzitoa sauti zao kwa filamu na matangazo bila kuwagawia. Majaji walisoma karatasi iliyokuwa mbele yao. Karatasi hiyo iliandikwa na upande mmoja, na kutiwa saini na wasichana waliotamani kuimba.

Wanawake waliofuata walilielewa hilo. Patti LaBelle, Sarah Dash na Nona Hendryx waliachana na magauni ya sare, wakajiita Labelle tu, na Hendryx akawa mtunzi wao mkuu. Oktoba 1974 waliimba katika jumba la Metropolitan Opera, New York. Wimbo uliowapa namba moja, "Lady Marmalade", ulitungwa na wengine, lakini nyimbo kadhaa za albamu iliyoubeba, Nightbirds, zilikuwa tungo za Hendryx. Wakati huohuo huko Oakland, California, Anita na Bonnie Pointer wa The Pointer Sisters walitunga "Fairytale", wimbo wa kantri uliowapa tuzo ya Grammy mwaka 1975 katika fani ambayo hakuna aliyewatarajia. Mwaka huohuo Elvis Presley aliurekodi. Safari hii, sahani ya mwanamume maarufu ilipochezwa redioni, waliolipwa kama watunzi walikuwa wasichana wawili walioutunga na kuuimba kwanza.